Mwambie Baba Yako

Baiskeli ya kwanza kuonekana kwenye kilima chetu ililetwa na mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyekuwa akichuma majani chai huko Kericho. Alifika nayo akiisukuma. Watu walidhani anaisukuma kwa heshima, vile mtu anavyomwongoza fahali aliyemnunua sasa hivi, kumbe hakujua kuipanda. Aliiegemeza ukutani, akawa anaifunika gunia isipigwe na umande, na kila jioni wazee walikuja kuitazama. Siku moja baada ya kanisa, watu wote wakiwa nje na nguo zao nzuri, akaona aibu imetosha. Akaipanda pale juu ya mteremko. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za breki. Alishuka kilima chote miguu imepanuka kama mtu anayeruka mfereji, akipiga kelele, "Ondokeni! Ondokeni!", mpaka akaingia mtoni. Alipotoka alikamua shati lake polepole, akatutazama sisi tuliomkimbilia, akasema, "Sasa mmeona inavyofanya kazi."

Hakuipanda tena. Akanipa mimi kazi ya kuiosha, na mtu huwezi kuosha baiskeli kila Jumamosi bila siku moja kuikalia.

Naanza na baiskeli kwa sababu watoto wangu wakiniuliza nilimpataje mama yao, huwa nawaambia ni baiskeli iliyomtafuta. Wanacheka, lakini ni kweli. Shule niliiacha mapema, nilijua kuandika jina langu na la baba, basi. Nilipofika Nairobi, Uhuru ukiwa bado mpya, watu wanasalimiana kwa nguvu barabarani hata kama hawajuani, nilizunguka nikitafuta kazi mpaka viatu vikaanza kucheka. Tajiri mmoja wa Kihindi aliyekuwa na tanuri la mikate nyuma ya River Road hakuniuliza cheti. Aliniuliza, "Baiskeli unajua?" Nikamjibu, "Najua mpaka breki."

Basi nikawa mtu wa mkate. Nilikuwa na baiskeli nzito nyeusi, na mbele yake sanduku la mabati lenye kifuniko, mkate ndani umefungwa kwa karatasi zenye nta. Asubuhi natoka mjini, napandisha Westlands, naingia Kileleshwa, nageukia Kilimani, halafu narudi. Westlands ya wakati huo usiifikirie kwa hii ya leo. Ilikuwa maduka machache, kituo cha petroli, na nyuma yake nyumba za Wazungu zilizojificha ndani ya ua wa kayaba wenye miiba. Nilizijua nyumba zile kwa upande wa jikoni tu. Mpaka leo ukinionyesha mbele ya nyumba ya Kileleshwa siitambui, lakini nipeleke nyuma, penye kamba ya nguo na pipa la takataka, nitakwambia ni nani alikuwa akikaa hapo na alipenda mkate wa aina gani. Mbwa wao nao walinijua. Walijua hasa mguu wangu wa kulia.

Katika mlango mmoja wa jikoni alikuwako yaya, msichana wa Kikamba kutoka upande wa Machakos. Kila siku aliuminya mkate kabla ya kuupokea.

"Mkate wako ni wa jana," akaniambia.

"Ni wa leo, dada. Ni mimi niliyechoka."

Akacheka, akaingia ndani. Kesho yake akauminya tena, lakini sasa alikuwa ananitazama mimi. Sitasema mengi hapo. Tulioana kanisani, tukapanga chumba Kangemi, chumba kimoja cha mbao na mabati kwenye ploti ya mama mmoja wa Kikuyu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi wanakaa meza moja na mama mkwe, wanatazama televisheni na kumwambia, "Mum, nipitishie chumvi." Kwetu Magharibi, mama yake mke wako ukimwona njiani unaingia kwenye mahindi. Humshiki mkono. Huli mbele yake. Hulali naye chini ya paa moja. Kumgusa, hata kwa kujikwaa, ni jambo la kuitiwa wazee. Nilipooa Mkamba nilifikiri, labda hawa watu hawana mambo haya. Kumbe wanayo kutushinda. Siku niliyokwenda kujitambulisha kwao, mama mkwe alinikaribisha akiwa nyuma ya ghala, naona tu ncha ya leso. Mimi na mke wangu tuligombania kila kitu kinachohusu mtoto, lakini katika hili moja watu wake na watu wangu walikuwa wamekubaliana zamani, kabla sisi hatujazaliwa.

Na tuligombana kweli. Alipopata mimba nikamwambia asile mayai, kwetu mwenye mimba hali mayai, mtoto anakuwa mkubwa kupita mlango. Yeye akasema kwao mayai hayana neno, ila mwenye mimba hali nyama ya mnyama aliyepigwa mshale wa sumu. Nikamwambia, "Basi ondoa wasiwasi, Westlands hakuna bucha inayouza hiyo." Alininunia mpaka jioni.

Memsabu wake, yule mama wa Kizungu aliyemwajiri, naye alikuwa amejifungua miezi michache mbele yake, na mke wangu alikuwa ananiletea habari za nyumba ile kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Mtoto wa Kizungu alilala chumba chake mwenyewe, mwisho wa ukumbi, mlango umefungwa. Alinyonya kwa kufuata saa. Akilia kabla ya saa, mama yake anatazama ukutani, anatazama kitabu cha kulea watoto, anatembea huku na huku akijifinya mikono, lakini hamchukui. "Anataka kumchukua," mke wangu alisema, "unamwona kabisa anataka, lakini kitabu kinamkataza." Halafu baada ya kifungua kinywa mtoto anawekwa kwenye kigari, anafunikwa wavu, anapelekwa bustanini chini ya mti, mvua ikikosa tu, hata baridi ikiwepo. Huko analala na ndege wanamwimbia. Mimi nilimwona mwenyewe nikipeleka mkate. Mashavu mekundu kama nyanya.

Sasa, mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki. Angekuwepo, yeye ndiye angekuja, na hadithi hii isingekuwepo. Kwa kuwa hakuwepo, ilibidi aje mama yake mke wangu. Dada zangu walituma ujumbe kutoka nyumbani kwamba hilo ni jambo geni. Nikawajibu kwamba hata Nairobi ni jambo geni.

Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume hospitali ya mjini. Sisi wanaume tulikuwa tunaishia getini, tunapokea habari kama watu wanaosubiri matokeo ya mpira. Alipokuja nyumbani, mama mkwe alikuwa tayari chumbani na kiondo chake, ule mfuko wa kusukwa kwa katani, na kibuyu cha uji. Nilibeba mizigo mpaka mlangoni nikaiacha hapo. Nikahamia kwa mwenzangu wa mkate aliyekuwa na chumba upande wa pili wa ploti.

Mtoto wangu nilikuwa nimemwona ndani ya basi, amefungwa blanketi, pua tu. Nilifikiri nitambeba tukifika. Tulipofika, mlango ukafungwa. Vile mama mkwe alivyolelewa, mtoto mchanga hatolewi kwenye upepo mpaka akaze, na mlango ukifunguliwa wakati mimi nipo nje, ina maana yeye na mimi tutaonana. Basi nikawa namsikia tu. Namsikia akipiga chafya, namsikia akinyonya, siku nyingine namsikia hata akikasirika. Ukuta ulikuwa ubao mmoja. Nilikuwa naegemeza baiskeli pale nje na kujifanya natengeneza mnyororo. Mnyororo wangu ulikuwa safi kuliko mnyororo wowote Kangemi.

Mwanzoni mambo yetu yalipitia kwa mama mwenye ploti. Mama mkwe anamwambia, yeye anatoka nje ananiambia, najibu, anarudi ndani. Siku ya kitovu ndiyo alichoka. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimekatika. Kwetu kinazikwa penye migomba, mtoto ajue kwao ni wapi. Nikaona pale nyuma ya choo pana mgomba mmoja. Nikatuma ombi.

Mama mwenye ploti akatoka nje mikono kiunoni. "Nani? Azike kitovu kwa ploti yangu? Wewe, hebu nitazame. Leo unazika kitovu, kesho kijana yako anakuja kuniambia hapa ni kwao, anataka shamba. Hapana! Hiyo kitu iende Magharibi na gari moshi."

Ndani, mama mkwe akasema kitovu ameshakifunga kwenye kitambaa, kipo kwenye kiondo, kitakwenda Machakos.

"Mwambie hakiendi Machakos," nikasema.

"Mwambie wewe!" akapiga kelele mama mwenye ploti. "Mimi si posta! Ongeeni au mnyamaze, mimi nina ng'ombe wa kukamua."

Akaenda zake. Tukabaki, mimi huku, mama mkwe kule, ubao katikati, hakuna anayeweza kusema. Nilisikia anakohoa. Halafu nikasikia anaongea na mtoto, kwa Kiswahili, taratibu, ili kila neno lifike:

"Mume wangu, mwambie baba yako, mimi siibi kitovu. Wakipata migomba yao, waje wakichukue."

Alimwita mtoto "mume wangu", vile bibi huko kwao wanavyotania wajukuu wa kiume. Halafu nikauambia ubao:

"Mwanangu, mwambie susu yako nimesikia. Na mwambie asante kwa kazi." Susu ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya.

Nikasikia mke wangu anacheka kitandani, kicheko cha kuziba mdomo na shuka.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mtoto wangu hajafungua macho vizuri, tayari ni tarishi. "Mume wangu, mwambie baba yako makaa yamekwisha." "Mwanangu, mwambie susu nitaleta jioni." Kiswahili chake alikiokota sokoni akiuza viondo, changu nilikiokota barabarani, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kizuri, lakini kwa kupitia mtoto kilitosha. Baadaye tukazoea mpaka tukaanza mizaha. Niliuliza kwa nini hawamwogeshi kwa maji baridi asubuhi kama tulivyoogeshwa sisi, tukakaza mwili. Jibu likaja: "Mume wangu, mwambie baba yako, nimesikia vile alivyokaza. Anatishwa na mbwa wa Kileleshwa." Nikajua mke wangu ameniuza.

Kuhusu chakula sikushinda hata mara moja. Mimi nilileta mrenda, ile mboga ya kuteleza, kwetu mzazi anakula mrenda chakula kiteremke. Mama mkwe alipika uji wa mtama asubuhi, mchana na jioni. Mama mwenye ploti, pamoja na ukali wake, kila baada ya siku kadhaa alileta sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ambayo Wakikuyu wanampa mzazi apate maziwa. Mke wangu alikula vyote vitatu. Nikamsikia akilalamika, "Nyinyi mnataka nipasuke." Lakini mtoto alinenepa, kila mtu akasema ni kwa sababu ya chakula chake.

Likizo ya mke wangu ilikuwa mwezi mmoja, akarudi kazini Kileleshwa. Alikamulia maziwa kwenye kikombe, bibi anamnywesha mtoto kwa kijiko, na yeye mwenyewe anakimbia nyumbani saa nane kunyonyesha. Memsabu alimpa chupa na mkebe wa maziwa ya unga, kwa moyo mzuri tu. Mama mkwe aliutumia mkebe kuwekea chumvi. Jioni mke wangu alimsimulia mama yake habari za kigari na bustani, na nikasikia sauti ya mama mkwe imepanda: "Nje? Na baridi hii? Wanamwanika kama nguo?"

Maana Julai ilikuwa imeingia. Wewe unayeijua Kangemi, unajua Julai yake. Jua halionekani, ukungu unakaa kwenye bonde mpaka saa nne, na mbao zinatoa maji. Mama mkwe alitoka nchi ya jua. Baridi ile ilimtisha kuliko kitu chochote Nairobi, kuliko magari, kuliko polisi.

"Mume wangu, mwambie baba yako upepo unaingia."

Nilifurahi kuambiwa hivyo. Unaelewa? Nilikuwa baba asiye na kazi. Nikachukua karatasi za mkate, zile zenye nta, nikapika gundi ya unga, na kila nikirudi kazini nikawa naziba nyufa kutoka nje, ubao kwa ubao. Yeye akawa ananielekeza kutoka ndani kwa kugonga: hapa, hapa, na hapa chini. Nikaziba. Nikaziba juu penye mabati na ukuta vinapokutana. Dirisha nalo nikalizungushia. Nilipomaliza nikasikia: "Mume wangu, mwambie baba yako mkono wake ni mzuri. Sasa ni kama tumboni." Nilitembea siku nzima nikiimba. Wapishi wa Kilimani wakaniuliza nimeongezwa mshahara.

Kwao, nyumba ya nyasi, moto unakaa katikati mchana kutwa na hakuna kinachotokea, moshi unajitokea wenyewe. Kwetu ni vivyo hivyo. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuishi ndani ya karatasi ya nta na jiko la makaa.

Siku hiyo mkate uliisha mapema, nikapitia nyumbani mchana. Niliegemeza baiskeli, nikasubiri kusikia. Hakuna chafya, hakuna bibi anayeimba. Mama mwenye ploti alikuwa ameenda Wangige kuuza maziwa na ploti nzima ilikuwa kazini. Nikasema, "Mwanangu, mwambie susu nimefika." Kimya. Nikasema tena. Nikasikia kitu kizito kinaangukia mlango kutoka ndani.

Mlango ukafunguka kidogo. Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini, kichwa kimelala kwenye fremu, anatapika, na mtoto yuko mapajani mwake. Nyuma yake chumba kilikuwa na joto la tanuri, na jiko katikati, jekundu, halina moshi hata kidogo. Mtoto alikuwa amelegea. Mkono wake ulikuwa unaning'inia vile mkono wa mtoto haupaswi kuning'inia.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimshika mtoto wangu. Nilimnyakua kutoka mikononi mwa mama mkwe, mikono yangu ikapita juu ya yake, na wakati ule wala sikukumbuka kwamba kuna mahindi ya kuingia. Alikuwa wa moto na mzito. Nilikimbilia baiskeli nikafungua kifuniko cha sanduku.

"Si mkate huyo!"

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama, ameshika ukuta, leso yake ameshaivua mabegani.

"Inama," akasema. Aliniambia mimi. Hapakuwa na "mume wangu", hapakuwa na "mwambie baba yako".

Nikainama juu ya usukani. Akamlaza mtoto mgongoni mwangu, akamfunika, na mikono ya mama mkwe wangu ikapita chini ya kwapa zangu ikavuta leso kifuani, ikarudi nyuma, ikaja tena, ikafunga fundo. Alikaza fundo mpaka nikakosa pumzi. Halafu akanipiga begani kwa kiganja.

"Nenda, mwanangu. Nenda!"

Nilikwenda. Kutoka Kangemi mpaka dispensari ya Westlands barabara inapanda na kushuka, lakini siikumbuki ilipopanda. Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Yule mtoto ambaye hakupaswa kuonja upepo aliupata wote siku hiyo. Watu walisimama kando ya barabara kutazama mwanamume amebeba mtoto mgongoni kama yaya, juu ya baiskeli ya mkate. Mmoja akaniita, "Mama nani!" Sikumjibu. Nilikuwa natega sikio mgongoni, nikimwambia Mungu kwa lugha ya kwetu maneno ambayo si sala, ni ugomvi.

Kwenye mteremko wa kuingia Westlands, breki zote mbili nimeziachia kama mjomba, nikahisi kitu kinasogea. Goti dogo likanipiga kwenye uti wa mgongo. Halafu akalia. Alilia kwa hasira, sauti kubwa ikanisukuma kichwa mbele, na mimi nikaanza kulia naye, tukaingia dispensari tukilia wote wawili.

Nesi, mama mnene mwenye saa kifuani, alitutazama. "Mgonjwa ni yupi?"

Nilijaribu kumfungua mtoto nikashindwa, fundo lilikuwa gumu. Nesi akalifungua kwa meno. Alimpima, akamgeuza, akamsikiliza, akauliza habari za nyumba. Nilipomweleza karatasi na jiko, akafungua dirisha. "Hewa ya makaa," akasema. "Haionekani. Ungechelewa kidogo, baba." Akatuweka pale tupumzike, dirisha wazi. Akanionyesha jinsi ya kumshika kichwa. Nikakaa kwenye benchi na mwanangu mapajani, na hakuna mtu aliyenifungia mlango.

Baadaye sana nikatoka nje kwenye ua. Mama mkwe alikuwa amekuja kwa miguu, njia yote, akiuliza watu baiskeli ya mkate imepita wapi, kichwa kikimuuma, bila leso. Aliketi chini karibu na fensi, na aliponiona akageuza mgongo. Mambo yalikuwa yamerudi mahali pake. Mimi nikasimama mbali, mtoto amelala mikononi mwangu.

Akasema, akitazama fensi, "Mume wangu. Upo?"

"Mwanangu, mwambie susu upo. Mwambie umeshanyea."

Mabega yake yakashuka. Alikaa hivyo muda, naona yanatikisika, sikujua kama ni kulia au kucheka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mume wangu, mwambie baba yako, nimemshika. Nimemshika kifuani. Nitasema nini nyumbani?"

Mimi si mtu wa maneno mazuri, yalinijia tu. "Mwanangu, mwambie susu hakuna aliyeona. Mimi nilikuwa nimeinama. Mgongo hauna macho."

Jioni ile nilibandua karatasi zote. Mke wangu alikuwa amerudi saa nane akakuta mlango wazi na jiko limezimika, na hakuna mtu; sitasimulia habari za saa ile, ni yake. Mama mkwe alikaa na sisi mpaka baridi ilipokwisha. Jiko lilikaa nje. Na mchana, jua likitoka, alitandika leso ndani ya sanduku bovu la mkate nililoachiwa na tajiri, akamlaza mtoto humo nje ya mlango, chini ya mbingu, akakaa kando akifukuza nzi. Mke wangu alimtania, "Mama, unamwanika?" Akajibu, "Nyamaza. Wewe ulilala kwenye kiondo."

Nilitaka tufanye ile desturi ya kuchinja mbuzi mbele ya wazee, tusafishe jambo. Mke wangu akamuuliza. Alikataa. Alisema mbuzi ni wa watu waliokosana. Lakini hakutania tena kama zamani. Ujumbe wake ukawa mfupi: makaa, maji, unga. Nikiwa nje aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye na mgeni.

Siku ya kuondoka alimvalisha mtoto, akamlaza ndani ya sanduku lake mlangoni, kisha akarudi ndani mpaka nilipomchukua. Mke wangu alikuwa ametangulia kituoni na mizigo. Mama mkwe akatoka nyuma yangu na kiondo. Nilikuwa nimetazama ukuta, kama inavyotakiwa. Nikasikia nyayo zake zinasimama.

"Mume wangu," akasema, "mwambie baba yako, mgongo wake hauna macho, ni kweli. Lakini mikono yangu haijasahau. Hapa sirudi; baba na mama yako wakitaka kuniona, wakulete kwangu."

Nikataka kujibu. Mtoto akaniwahi, akapiga mwayo.

Leso ile aliyomfungia alikuwa ameitundika kwenye usukani wa baiskeli, imefuliwa, imekunjwa. Alipita kando yake bila kuichukua. Nilipoona amefika barabarani ndipo nikageuka, na nikamtazama vile ambavyo sikupaswa: mwanamke mfupi, kiondo mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, anatembea haraka kando ya barabara kuu kwenda kituoni. Hakugeuka. Kwenye chumba kile cha Kangemi hakurudi tena.